Subira na Wema wa Msafiri

Subira ni adili ambalo kila mtu hulisifu na watu wachache hulijua. Wazazi hulihimiza nyumbani, walimu hulitaja darasani, na viongozi wa dini hulihubiri misikitini na makanisani. Hata hivyo, ukimwuliza mtu mzima ni lini hasa alijifunza subira, na nani aliyemfundisha, aghalabu atanyamaza kwanza. Kwa wema nako ni vivyo hivyo. Sote twakiri kuwa ni jambo zuri, lakini wengi wetu tumeuzoea kwa jamaa na marafiki, yaani kwa watu wanaotuwia fadhila na ambao sisi nasi twawawia. Swali nitakalo kulipima katika insha hii ni hili: je, mtu tusiyemjua, ambaye tumekutana naye kwa saa moja na hatutamwona tena, aweza kutufundisha subira na wema? Na kama aweza, ni kitu gani katika mafunzo yake ambacho ndugu zetu hawawezi kutupa?

Nitalijibu swali hili kwa mfano wa gari la abiria. Sikuuchagua mfano huu kwa uzuri wake. Nimeuchagua kwa kuwa humo ndimo nilimoshindwa mimi mwenyewe, na yafaa mtu aanze kufikiri pale alipojikwaa.

Barabara iendayo Songea huanzia Makambako, penye njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam na Mbeya. Makambako ni mji wa makutano, kwani hapo hupita pia reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia. Msafiri ashikaye njia ya kusini hupita nyanda za juu za Wabena akafika Njombe, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambao mwaka 2012 ulikuwa makao makuu ya mkoa mpya uliomegwa kutoka Iringa. Akiendelea kusini katika njia hiyo hiyo ya Songea, hufika Kifanya. Nchi hii ni ya viazi na mahindi, ya chai na miti ya mbao, na siku hizi ya maparachichi pia. Mwezi wa Juni na wa Julai baridi yake huingia mifupani, na asubuhi nyingine majani huonekana meupe kwa umande ulioganda.

Mabasi makubwa ya masafa marefu huondoka kwa saa, na kila abiria ana tiketi yenye namba ya kiti chake. Magari madogo yaendayo vijijini yana kanuni nyingine: gari huondoka likijaa. Saa ya ukutani haina amri juu yake. Mwenye amri ni hesabu ya vichwa. Mtu aingiaye kwanza hukaa muda mrefu kuliko wote, na mtu aingiaye mwisho, ambaye hakungoja hata kidogo, ndiye apokewaye kwa furaha, maana kuja kwake ni ruhusa ya wote kuondoka. Kwa mtazamo wa haraka jambo hili ni dhuluma: aliyewahi huadhibiwa na aliyechelewa hushangiliwa. Lakini haki ya gari hili haipimwi kwa safari moja. Leo mimi ni wa kwanza, kesho nitakuwa wa mwisho, nami nitafaidi saa nzima ya kungoja kwa watu ambao sitayajua majina yao.

Tena kuna fundisho kubwa zaidi katika kanuni hiyo. Mjini tumezoea kumwona mtu tusiyemjua kuwa ni kizuizi: amesimama mbele yetu mstarini, amekalia kiti tulichokitaka, ameijaza njia. Katika gari la Kifanya mambo ni kinyume. Bila yeye siondoki. Yule mgeni niliyedhani yumo njiani mwangu ni sehemu ya njia yenyewe. Huenda hili ndilo somo la kwanza, nalo hutolewa bure kwa kila aingiaye. Lakini kulisikia somo ni jambo moja, na kulifuata ni jambo lingine, kama nitakavyoeleza.

Mwezi wa Julai, mwaka 2019, nilikuwa nakwenda Kifanya kumzika mwalimu aliyenifundisha kusoma. Nilikuwa nimelala Makambako, nikafika Njombe asubuhi, na mazishi yalipangwa kuwa saa 8 mchana. Niliingia garini saa 4, nikiwa mtu wa tatu. Tulingoja zaidi ya saa moja na nusu. Nilikasirika kimoyomoyo, nikatazama saa mara nyingi, nikamhesabu konda kuwa mzembe na mpiga debe kuwa mwongo, maana kila baada ya dakika chache alitangaza kuwa amebaki mtu mmoja tu. Walakini sikunena neno, na kwa kuwa sikunena neno nilijiona kuwa mtu mwenye subira.

Ubavuni pangu aliketi kijana mwenye suruali iliyojaa vumbi la mbao. Alikuwa kibarua wa kupasua mbao. Nililijua hilo kwa sababu katika magari yale magoti ya watu hugusana, na siri za simu huwa mali ya wote. Alimwambia mtu wa upande wa pili, "Nimeshapata kiti, bosi. Gari likijaa tu nafika." Sauti ya bosi ilijibu kwa ukali, nami niliisikia waziwazi: kama mchana utamkuta hajafika, nafasi yake atapewa mwingine.

Gari likajaa, dereva akawasha moto. Hapo ndipo alipotokea mama mmoja, akija kwa haraka kadiri ya nguvu zake, na mtoto mgongoni. Walikuwa wanatoka hospitali. Mkono wa mtoto ulikuwa na plasta pale ilipokuwa imechomwa sindano ya maji, na kichwa chake kililala begani mwa mama yake bila kujishika. Mama alichungulia mlangoni akatusalimu, "Kamwene," kwa desturi ya Wabena, na gari zima likamwitikia. Akaomba apande. Konda akamwambia, "Mama, gari limejaa. Leo trafiki wako mbele, siwezi kuzidisha hata mmoja. Subiri linalofuata." Lililofuata lilikuwa tupu.

Hakuna aliyesema kitu. Mimi nilitoa simu yangu nikaanza kusoma ujumbe niliokwisha kuusoma. Nilikuwa na hoja: nakwenda mazikoni, na maiti hamngoji mtu, nilitangulia kuingia, nimelipa nauli yangu, nimengoja kuliko karibu wote. Hoja hizo zilikuwa njema, na ningeweza kuzitetea mbele ya hakimu yeyote. Nilipokuwa bado nazipanga, kijana aliinuka. "Mama, kaa hapa," alisema. "Mimi nitakuja na linalofuata." Akamwomba konda nauli yake, akarudishiwa, akashuka. Mama akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akubariki." Kijana akajibu, "Haya, mama, mfike salama." Mlango ukafungwa. Kwa dirishani nilimwona akiingia katika lile gari tupu na kuketi, mtu wa kwanza.

Nilifika mazikoni kwa wakati. Mzee mmoja aliyesimama kumzungumzia marehemu alimsifu kwa subira yake kwa watoto wazito wa kuelewa. Niliinamisha kichwa, kwa kuwa nilijua kuwa mmoja wa watoto wale alikuwa bado hajaelewa.

Tangu siku ile nimejiuliza: katika gari lile, nani alikuwa na subira? Sote tulikuwa tumengoja. Lakini juu ya gari palikuwa na magunia mawili ya viazi yaliyofungwa kwa kamba, nayo yalingoja muda ule ule, wala hayakulalamika kuliko mimi. Kama kukaa kimya bila kuondoka ndiko subira, basi gunia la viazi ni mwalimu wetu sote. Naona, kwa hiyo, kwamba kungoja kwa mtu asiye na njia nyingine ni hali tu ya mambo, kama baridi na mvua. Twaweza kuipokea vizuri au vibaya, na kuipokea vizuri kuna heshima yake. Lakini bado ni mlango wa subira, hatujaingia ndani. Subira yenyewe huanza pale mtu awezapo kwenda akachagua kungoja. Kwa kipimo hiki mwenye subira garini alikuwa mmoja, naye ndiye aliyeshuka.

Methali yetu husema kuwa subira huvuta heri. Nyingine husema kuwa mvumilivu hula mbivu. Ni maneno ya kweli, na mkulima wa Njombe apandaye mti wa mbao aujua ukweli wake kuliko msomi, kwa kuwa huenda mti huo ukavunwa na wanawe. Lakini methali hizi zikisomwa kwa pupa huifanya subira kuwa biashara: ngoja leo upate kesho. Subira ya kijana yule haikuwa na faida ya namna hiyo. Ilivuta heri, hapana shaka, lakini heri hiyo ilibisha hodi katika mlango wa mtu mwingine. Na hapa subira na wema, ambavyo twavifundisha kama maadili mawili, huonekana kuwa kitu kimoja chenye nyuso mbili. Kijana hakuwa na fedha ya kumpa mama yule, wala dawa, wala ushauri. Alikuwa na muda, nao ulikuwa mchache, akautoa. Wema mwingi wa kila siku si kingine ila subira yetu tuliyomkabidhi mwenzetu aitumie.

Sasa narudi kwenye swali la mwanzo. Ni kitu gani alichonifundisha kijana yule ambacho ndugu yangu asingeweza? Kama kaka yangu angempisha mama yule kiti, ningemsifu, na jioni ningemnunulia chakula, na jambo lingekwisha. Kati ya watu wanaojuana wema huenda na kurudi. Nakuazima jembe leo, kesho wanisaidia kuvuna. Nachangia arusi ya binti yako, nawe wachangia ya kwangu. Desturi hii ni njema na maisha ya vijijini yamesimama juu yake. Lakini kwa sababu wema huu hurudi, ni vigumu kujua kama autoaye amekuwa mwema au amekuwa mwangalifu. Seneca, mwanafalsafa wa Roma wa karne ya kwanza, aliandika vitabu saba juu ya fadhila, jinsi ya kuitoa na jinsi ya kuipokea, na moja ya kazi zake kubwa humo ni kuitenga fadhila na mkopo. Kazi hiyo ni ngumu nyumbani, na nyepesi garini. Kijana alishuka na deni likabaki bila mdai. Mama hakumjua jina. Mimi pia sikumjua, nami nawiwa naye zaidi kuliko mama, kwa kuwa kiti alichokitoa kilikuwa changu kukitoa kama kilivyokuwa chake.

Deni lisilo na mdai lina tabia ya ajabu. Halisameheki, kwa kuwa mwenye kusamehe hayupo. Halilipiki kwa mwenyewe, kwa kuwa hajulikani aliko. Limebaki na njia moja tu, nayo ni kulilipa kwa mtu mwingine ambaye hakutukopesha. Wahenga walisema, tenda wema wende zako. Nilikuwa nikiisikia methali hii tangu utotoni kama onyo kwa mtendaji, kwamba asingoje shukrani. Garini niliielewa kwa upande wa mtendewa: mtendaji akienda zake, wema haukwendi naye. Humbakia aliyeuona.

Nisije nikadhaniwa kuwa nimeongoka kwa siku moja. Tangu wakati ule nimempisha mtu kiti mara kadhaa katika magari yangojayo kujaa, na kila mara imekuwa vigumu. Mara ya kwanza ilikuwa Makambako, jioni, na mzee niliyempisha aliketi bila kunitazama, akafunga macho, akalala. Niliposhuka nilikuwa nimeudhika. Nikangoja gari lingine karibu saa nzima nikimlaumu moyoni, mpaka nikatambua nilichokuwa nikifanya: nalipa deni huku nikidai risiti. Yule kijana wa Njombe hakudai. Mtu aweza kuiga tendo kwa siku moja, lakini moyo uliolizaa tendo huchukua miaka.

Msomaji aweza kutoa pingamizi mbili, nazo zastahili kujibiwa. Ya kwanza ni hii: katika nchi yetu hakuna mgeni kamili. Mwanamke mtu mzima humwita mama, mwanamume humwita baba au mzee, wa rika letu ni kaka na dada, na mdogo humwamkia mkubwa shikamoo hata kama hajapata kumwona. Kijana alimwita yule abiria mama, naye akamwita mwanangu. Basi je, wema huu si ule ule wa jamaa? Nakubali kuwa lugha yetu imetuandalia njia. Julius Nyerere, katika andiko lake la mwaka 1962 juu ya ujamaa, alishika shina hilo hilo aliposema kuwa udugu wa Kiafrika lazima uvuke mipaka ya ukoo na kabila na taifa hata uwafikie wanadamu wote. Lakini jina la udugu ni ahadi tu, na ahadi hupimwa kwa malipo. Konda naye alisema mama: "Mama, gari limejaa." Mimi mwenyewe, kama ningefungua kinywa, ningesema, "Pole, mama." Neno lilikuwa moja katika vinywa vyote, ila mmoja ndiye aliyelilipia gharama.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi. Je, hatuhubiri unyonge? Abiria wetu wamekwisha kuvumilia mno. Huvumilia gari lililojazwa kupita kiasi, dereva aendeshaye kwa mwendo wa kutisha penye ukungu na kona, na konda amzuiaye mwanafunzi kupanda daladala kwa kuwa nauli yake ni ndogo kuliko ya mtu mzima. Watu hutazama chini na kuita ukimya wao subira. Pingamizi hii ni ya haki, nami nadhani jibu lake ni katika kuuliza ni hasara ya nani inayovumiliwa. Kijana aliivumilia hasara yake mwenyewe, nayo ilikuwa yake kuitoa. Mtu anyamazaye mwanafunzi anaposukumwa mlangoni anavumilia hasara ya mtoto wa mwenziwe, na hiyo hakupewa ruhusa ya kuitoa. Haki yangu naweza kuisamehe. Haki ya jirani yangu si mali yangu hata niwe mkarimu nayo. Kwa sababu hiyo, mtu yule yule mwenye subira ya kweli anaweza kuacha kiti chake kwa upole asubuhi, na jioni akapaza sauti kumwambia dereva apunguze mwendo kwa ajili ya watoto waliomo garini. Hajigeuzi. Katika mambo yote mawili amewatazama wengine kabla ya kujitazama. Na ukimya wangu asubuhi ile, niutazamapo sasa, ulikuwa wa aina mbaya: niliivumilia vizuri sana taabu ya mama yule.

Aristotle alifundisha kuwa tabia njema haipatikani kwa kuijua tu. Hupatikana kwa kuitenda mara nyingi mpaka iwe mazoea. Kama ndivyo, yatupasa kujiuliza tunafanyia wapi mazoezi. Sisi tuliosoma tuna desturi moja ambayo sikatazi, lakini naitazama kwa wasiwasi: mara tupatapo kazi yenye mshahara wa kutosha, hununua gari dogo na kuagana na stendi. Gari la mtu binafsi lina raha zake, na mwenye wagonjwa au watoto hawezi kulaumiwa kwa kulitaka. Lakini mwenye gari lake hangoji mtu wala hangojwi na mtu. Huondoka apendapo. Hakuna ajaye mlangoni akamsalimu na kumlazimisha aamue, katika dakika moja na mbele ya macho ya wengine, yeye ni mtu wa namna gani. Twaweza kuyasoma maadili katika vitabu bora vya ulimwengu, tukayaandikia tasnifu, tukayafundisha kwa ufasaha, na bado tukawa hatujapimwa tangu mwaka tulioacha kupanda gari na watu wengine. Ikiwa tumeiacha shule hiyo, yatubidi tutafute nyingine: zahanati penye mstari mrefu, kisima, soko, ofisi penye mzee asiyejua kujaza fomu. Popote watu wasiojuana wangojapo pamoja, mtihani ule ule unatungwa.

Sikupata kujua kama kijana yule alifika kabla ya mchana, wala kama kazi yake ilimngoja. Nimepita Kifanya mara nyingine, na kila nionapo watu wakipakia mbao kando ya barabara huwatazama nyuso, ingawa uso wake umekwisha kufifia akilini mwangu. Kama alipoteza kibarua chake siku ile, basi wema wake ulimgharimu kuliko alivyotazamia, na hakuna methali yoyote ya kuvuta heri itakayoifuta hasara hiyo. Sina haki ya kuimalizia hadithi yake kwa furaha ili nafsi yangu ipate kulala. Ninachoweza ni kukumbuka kuwa mahali nilipoketi siku ile palilipiwa na mtu mwingine, na kwamba mlangoni hakosekani mtu.